John Bingham wa Ohio: mtunzi wa ulinzi wa haki aliyesimama upande wa mahakama ya kijeshi

Mdadisi ameuliza:

Wanajukwaa, salaam.

Nimekuwa nikisoma mijadala ya Bunge la Marekani ya miaka iliyofuata vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, na jina moja limenitatiza kuliko mengine yote. Ni la John Armor Bingham, wakili wa mji mdogo wa Cadiz katika jimbo la Ohio, aliyezaliwa Mercer, Pennsylvania, mwaka 1815 na kufariki Cadiz mwaka 1900. Wanaomfahamu Lincoln, Grant au hata Thaddeus Stevens ni wengi. Ila ukimtaja Bingham, hata kwa mtu aliyeisoma historia ya nchi ile kwa bidii, aghalabu atakuuliza huyo ni nani. Jambo hilo linanishangaza, kwa sababu sentensi ya pili ya kifungu cha kwanza cha Marekebisho ya 14 ya Katiba, ile inayokataza jimbo lolote kupunguza haki na kinga za raia, kumnyang'anya mtu uhai, uhuru au mali bila utaratibu halali wa sheria, na kumnyima mtu yeyote ulinzi sawa wa sheria, ilitoka katika kalamu yake. Sehemu kubwa ya kesi za haki zinazosikika kutoka Marekani hadi leo husimama juu ya sentensi hiyo.

Lakini mtu huyohuyo, mwaka mmoja tu kabla ya kuiandika, alisimama mbele ya tume ya maofisa tisa wa jeshi mjini Washington akiwa upande wa mashtaka, katika kesi ya watu wanane walioshitakiwa kwa njama ya kumuua Rais Lincoln. Washitakiwa walikuwa raia wa kawaida. Mahakama za kiraia za mji huo zilikuwa wazi, tena zikifanya kazi. Bingham hakulionea haya jambo hilo. Hotuba yake ya kufunga kesi ililitetea kwa kirefu, akidai kwamba tume hiyo ilikuwa na mamlaka kamili juu ya washitakiwa. Wanne walinyongwa tarehe 7 Julai 1865, na miongoni mwao alikuwamo mwanamke, Mary Surratt.

Maswali yangu ni mawili. Je, fikra hizi mbili zinaweza kukaa pamoja katika kichwa cha mtu mmoja bila kugombana, au tukubali tu kwamba alikuwa mwanasiasa aliyesema lililofaa kwa wakati wake? Na pili, kwa nini historia imemsahau?

---

Wakili wa Zamani amejibu:

Ndugu Mdadisi, swali lako la kwanza halijibiki bila kueleza kwanza tatizo la kisheria ambalo Bingham alikuwa akihangaika nalo, nami naomba univumilie, kwa sababu ni tatizo ambalo wengi hulipita haraka.

Katiba ya Marekani ilipopitishwa ilifuatwa na Hati ya Haki, yaani marekebisho kumi ya kwanza yaliyokamilika mwaka 1791. Humo mna uhuru wa kusema, uhuru wa dini, haki ya kushitakiwa mbele ya baraza la wazee wa mahakama, yaani raia wanaoamua kama mshitakiwa ana hatia, na mengineyo. Mtu wa leo akiisoma hudhani ilimlinda Mmarekani dhidi ya serikali yoyote ile. Haikuwa hivyo. Mwaka 1833, katika kesi ya Barron dhidi ya mji wa Baltimore, mwenye gati mmoja alilalamika kwamba kazi za barabara za mji zilikuwa zimegeuza mkondo wa vijito na kujaza mchanga mbele ya gati lake hata meli zikashindwa kufika, naye akadai fidia kwa kutumia Marekebisho ya Tano. Jaji Mkuu John Marshall alimjibu kwamba Hati ya Haki inaifunga serikali ya taifa peke yake. Kama waandishi wa Katiba wangetaka kuyafunga majimbo, alisema, wangeandika hivyo waziwazi, kama walivyofanya katika kifungu cha 10 cha Ibara ya Kwanza, kinachoanza kwa kusema kwamba hakuna jimbo litakalofanya jambo fulani.

Hapo ndipo penye ufunguo wa Bingham. Yeye hakuamini kwamba majimbo yalikuwa huru kukanyaga haki hizo. Aliamini kwamba kila ofisa wa jimbo, kwa kuwa anaapa kuilinda Katiba, tayari anao wajibu wa kuziheshimu. Kilichokosekana ni uwezo wa taifa kumlazimisha. Mwaka 1859, Oregon ilipoomba kuingia katika muungano ikiwa na katiba iliyowazuia watu weusi huru wasiishi humo, wasimiliki mali isiyohamishika, wasiingie mikataba wala kufungua kesi, Bingham alisimama bungeni na kuipinga kwa hoja hiyohiyo. Oregon ilikubaliwa hata hivyo.

Sasa tazama alivyofanya mwaka 1866. Chama chake cha Republican kilileta Sheria ya Haki za Kiraia ili kuwalinda watu waliotoka utumwani, na Bingham, ambaye hakuna aliyetilia shaka chuki yake kwa utumwa, akaipigia kura ya kuikataa. Wenzake walishangaa. Hoja yake ilikuwa kwamba Bunge halikuwa na mamlaka hayo mpaka Katiba iyatoe. Mtu anayesema lililofaa kwa wakati wake hafanyi hivyo. Njia rahisi ilikuwa kuipitisha sheria na kushangilia pamoja na wenzake. Yeye alitaka maandishi kwanza, nguvu baadaye.

Rasimu yake ya kwanza, iliyojadiliwa mwezi Februari mwaka huo, ililipa Bunge mamlaka ya kutunga sheria za kulinda haki hizo. Ilikwama. Robert Hale wa New York aliona kwamba inalimbikiza mamlaka mengi mno Washington, na Giles Hotchkiss, wa jimbo hilohilo, akatoa hoja ambayo naiona kuwa ya maana zaidi: ukiacha haki mikononi mwa Bunge, wingi wa viti ukibadilika haki nazo zitabadilika, afadhali zifungwe ndani ya Katiba yenyewe. Rasimu iliyotoka baadaye katika Kamati ya Pamoja ya Ujenzi Upya, kamati ya Bunge ya kuijenga nchi upya baada ya vita, yenye wajumbe kumi na watano, haikuanza tena kwa kulipa Bunge mamlaka, bali kwa kuyakataza majimbo. Bingham mwenyewe alieleza mwaka 1871 kwamba alikuwa ameirudia hukumu ya Marshall na kufuata kielelezo alichokitaja. Marshall alisema wangetaka wangeandika hivi. Bingham akaandika hivyohivyo.

Ningependa kuongeza sahihisho dogo ili tusimpe zaidi ya haki yake: sentensi ya kwanza ya kifungu hicho, inayosema kwamba kila aliyezaliwa Marekani na kuwa chini ya mamlaka yake ni raia, haikuwa yake. Iliongezwa na Seneti, na aliyeiwasilisha ni Jacob Howard wa Michigan.

---

Mwanahistoria Mvivu amejibu:

Shikamoo Mzee Wakili. Umetupa msingi wa sheria, nami niongeze habari za mtu mwenyewe, maana nadhani jibu la swali la tume ya kijeshi limejificha zaidi katika maisha yake kuliko katika vitabu vya sheria.

Bingham alifiwa na mama akiwa mdogo, akapelekwa kukaa kwa ami yake Thomas, mfanyabiashara wa Cadiz. Baadaye alijifunza kazi ya uchapaji, kisha akaingia chuo cha Franklin huko New Athens, chuo kidogo kilichokuwa na sifa ya kupinga utumwa kwa ukali usio wa kawaida kwa zama zile. Huko alisoma pamoja na Titus Basfield, kijana aliyekuwa amezaliwa utumwani, na urafiki wao ulidumu. Alianza uwakili mwaka 1840, akamwoa Amanda, binti wa ami yake huyohuyo, na kwa miaka michache akawa mwendesha mashtaka wa kaunti jirani ya Tuscarawas. Aliingia Bunge la Wawakilishi mwaka 1855.

Cadiz yenyewe ni kioja kidogo. Edwin Stanton, waziri wa vita wa Lincoln, aliwahi kuwa wakili na mwendesha mashtaka katika mji huohuo. George Armstrong Custer, aliyekuja kuwa ofisa maarufu wa jeshi, alizaliwa katika kaunti hiyohiyo, na aliyempa nafasi ya kwenda chuo cha kijeshi cha West Point ni Bingham, ingawa baba yake Custer alikuwa mfuasi wa chama pinzani.

Narudi kwenye hoja. Bingham alishindwa uchaguzi wa mwaka 1862, ingawa baadaye alirudi bungeni. Lincoln alimpa kazi ya uanasheria jeshini, na hapo ndipo Stanton alipomkuta mwaka 1865 alipohitaji watu wa kusaidiana na Joseph Holt, mwanasheria mkuu wa jeshi. Lincoln aliuawa siku chache baada ya Lee, jemadari wa waasi wa Kusini, kusalimu amri. Majeshi mengine ya Kusini yalikuwa bado hayajaweka silaha chini, na serikali iliamini kwamba mauaji yale yalikuwa tendo la kivita lililoelekezwa kutoka Richmond, uliokuwa mji mkuu wa waasi hao. Kwa Bingham, vita vilikuwa bado havijaisha. Kwa mantiki yake, utaratibu halali wa sheria wakati wa amani ni mahakama na baraza la wazee. Wakati wa vita, dhidi ya adui aliyejipenyeza katika mji mkuu, utaratibu halali ni ule wa sheria za vita. Hakuona kwamba anaivunja Katiba. Aliona kwamba Katiba yenyewe inayajua mambo mawili, amani na vita, na kila moja lina kanuni zake.

Hukumu yangu ni kwamba fikra hizo mbili zilikaa pamoja kwa sababu adui alikuwa mmoja. Waliokataa kuwapa watu weusi haki mbele ya mahakama za majimbo na waliomuua rais walikuwa, machoni pake, tawi moja la uasi uleule. Marekebisho ya 14 yalikuwa kwake masharti ya amani, na aliyesoma hotuba zake za 1865 na za 1866 atasikia sauti ileile.

---

Binti Sheria amejibu:

Nawaheshimu wazee wangu walionitangulia, lakini naona Bingham anasafishwa mno hapa.

Kwanza, ile mantiki ya vita haikukubaliwa hata na watu wa upande wake. Katika kesi ile ya 1865 Seneta Reverdy Johnson wa Maryland, aliyemtetea Mary Surratt, alisema waziwazi kwamba tume haina mamlaka juu ya raia. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu iliamua katika kesi ya Milligan, ya raia wa Indiana aliyehukumiwa kifo na tume ya kijeshi, kwamba mahala ambapo mahakama za kiraia ziko wazi raia hawezi kupelekwa mbele ya wanajeshi. Hukumu hiyo iliandikwa na David Davis, rafiki wa Lincoln aliyeteuliwa na Lincoln mwenyewe, na mmoja wa mawakili waliosimama upande wa Milligan alikuwa James Garfield, mbunge wa Republican kutoka Ohio kama Bingham. Kwa hiyo haitoshi kusema kwamba hizo zilikuwa fikra za zama zake. Garfield aliishi zama hizohizo, jimbo hilohilo, chama hichohicho, naye akaona tofauti. Bingham alifanya nini? Aliishambulia hukumu hiyo bungeni mwezi Januari 1867, akawakumbusha majaji kwamba Bunge linaweza kuwapunguzia mamlaka ya kusikiliza rufaa.

Kuna na jambo la Mary Surratt ambalo halikumwacha. Maofisa watano kati ya tisa waliomhukumu walitia saini ombi kwamba rais ampunguzie adhabu. Rais Andrew Johnson baadaye alisema hakuonyeshwa ombi hilo. Holt alishikilia kwamba alionyeshwa. Ugomvi huo ulidumu kwa miaka, na mwaka 1873 Bingham akatoa barua ya kumuunga mkono Holt, akisema kwamba Stanton na Seward, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje, walikuwa wamemhakikishia kuwa ombi lilifika kwa rais. Stanton na Seward walikwisha kufariki wote wawili. Na mwana wa Mary, John Surratt, aliyekuwa amekimbilia ng'ambo, alipokamatwa na kushitakiwa mwaka 1867 alipelekwa mbele ya mahakama ya kiraia. Wazee wa baraza walishindwa kuafikiana, akaachiliwa. Mama kanyongwa na wanajeshi, mwana kanusurika mbele ya raia wenzake. Sijui ni hoja gani ya nadharia inayoweza kulifunika jambo hilo.

Pili, ile sentensi yake nzuri ya ulinzi sawa kwa mtu yeyote ilikuwa na mipaka pale mwandishi wake mwenyewe alipotakiwa kuitumia. Mwezi Januari 1871 Victoria Woodhull, mtetezi wa haki za wanawake, alifika mbele ya Kamati ya Sheria ya Bunge la Wawakilishi na kudai kwamba Marekebisho ya 14 na ya 15, haya ya mwisho yakikataza kumnyima raia kura kwa sababu ya rangi, tayari yamewapa wanawake haki ya kupiga kura. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Bingham. Aliandika taarifa ya walio wengi, akalikataa dai hilo: kwa maoni yake kifungu kile hakikuwapa raia haki mpya ya kura. Mnaweza kusema kwamba kisheria alikuwa sahihi, na Mahakama ya Juu iliafiki msimamo kama huo mwaka 1875 katika kesi ya Minor. Lakini aliyeandika neno "mtu" pale ambapo angeweza kuandika "mwanamume" ndiye aliyefunga mlango, na tusisahau kwamba kifungu cha pili cha marekebisho hayohayo ndicho kilicholiingiza neno "wanaume" katika Katiba ya Marekani kwa mara ya kwanza.

Kuhusu swali la pili la Ndugu Mdadisi, la kusahauliwa, mimi nadhani jibu lake halihusu tabia ya Bingham kabisa. Linahusu tarehe. Mwaka 1872 alinyimwa uteuzi wa chama chake, na jina lake likatokea miongoni mwa wabunge waliokuwa na hisa za Crédit Mobilier, kampuni ya ujenzi wa reli iliyogawa hisa kwa wabunge kwa bei nafuu. Muda wake bungeni ulikwisha mwanzoni mwa mwezi Machi 1873. Tarehe 14 Aprili 1873, wiki sita tu baadaye, Mahakama ya Juu ilitoa hukumu ya kesi za machinjio za New Orleans. Louisiana ilikuwa imeipa kampuni moja haki ya pekee ya kuchinja kwa miaka 25, na wachinjaji wakadai kwamba haki zao zimevunjwa. Kwa kura 5 dhidi ya 4 majaji walisema kwamba "haki na kinga" zinazolindwa na Marekebisho ya 14 ni zile chache zinazotokana na uraia wa taifa, kama vile kwenda katika mji mkuu, kutumia bandari, na kulindwa baharini. Zile kubwa zikaachwa kwa majimbo, palepale zilipokuwa kabla ya Bingham kuinua kalamu. Miaka miwili tu kabla ya hapo, Machi 1871, alikuwa amesimama bungeni na kueleza kwamba haki na kinga hizo zimetajwa hasa katika marekebisho manane ya kwanza. Majaji hawakumtaja.

Sentensi ikishakufa, nani atamkumbuka mwandishi wake?

---

Wakili wa Zamani amejibu:

Binti yangu, umenichapa, na sehemu kubwa ya kipigo naikubali. Lakini kuhusu kifo cha sentensi, kufa kwake hakukuwa kamili. Mahakama ilipoziba mlango wa "haki na kinga," haki zilianza kupenya taratibu kupitia maneno ya "utaratibu halali." Mwaka 1897 haki ya kulipwa fidia mali inapochukuliwa na serikali, ileile aliyoikosa mwenye gati wa Baltimore, ilitambuliwa kuwa inayafunga majimbo. Mwaka 1925, katika kesi ya Gitlow, majaji walichukulia kwamba uhuru wa kusema nao unayafunga majimbo. Mwaka 1963, katika kesi ya Gideon, ikawa zamu ya haki ya mshitakiwa maskini kupewa wakili. Na maneno ya ulinzi sawa ndiyo yaliyobeba hukumu ya mwaka 1954 iliyokataza kutenga watoto shuleni kwa rangi.

Aliyemfufua Bingham kwa jina ni Jaji Hugo Black wa Mahakama ya Juu. Katika maoni yake ya kupinga ya mwaka 1947, kesi ya Adamson, alisema kwamba Bingham anaweza kuitwa, bila kutia chumvi, Madison wa kifungu cha kwanza cha Marekebisho ya 14, akimlinganisha na James Madison, mwandishi mkuu wa Hati ya Haki, akaambatanisha nukuu ndefu za mijadala ya 1866 na 1871. Msisahau kwamba Black, mtu wa Alabama, aliwahi katika miaka ya 1920 kuwa mwanachama wa Ku Klux Klan, kundi la siri lililowashambulia watu weusi, na hotuba ile ya Machi 1871 aliyoitegemea Bingham aliitoa akiunga mkono sheria ya kuliangamiza kundi hilohilo. Miaka miwili baadaye mwanazuoni Charles Fairman alimjibu Black kwa makala kali, akimchora Bingham kama msemaji wa maneno makubwa yasiyo na mpangilio. Picha hiyo ilishika kwa muda mrefu, nami naona ndiyo sababu nyingine ya kusahauliwa kwake ambayo Binti Sheria hakuitaja: kwa kizazi kizima cha wanafunzi wa sheria, kumchukulia Bingham kwa uzito kulionekana kama udhaifu wa akili. Kusema kweli, hotuba zake ni ndefu, zimejaa mapambo, na wakati mwingine humchosha msomaji. Lakini aliyekwisha kuisoma kesi ya Barron humwelewa vizuri.

---

Mdadisi amejibu:

Nawashukuru nyote, na ninaona kwamba swali langu lilikuwa na ncha nyingi kuliko nilivyodhani. Naomba niulize moja dogo lililozuka katika maelezo ya Binti Sheria. Katika sentensi ile Bingham ametumia "raia" mahala pamoja na "mtu" mahala pengine. Je, alikusudia tofauti hiyo, au ni mtiririko wa kalamu tu?

---

Wakili wa Zamani amejibu:

Alikusudia. Mojawapo ya malalamiko yake dhidi ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1866 ni kwamba iliwataja raia peke yao na kuwaacha wageni nje. Matunda ya neno hilo yalionekana mwaka 1886 katika kesi ya Yick Wo, ambapo Mchina mwenye duka la kufulia nguo mjini San Francisco alishinda kwa kuwa "mtu," ingawa sheria za Marekani za wakati ule hazikumruhusu kuwa raia. Neno hilohilo lilitumiwa na wengine kwa faida tofauti: mwaka 1882 Roscoe Conkling, aliyekuwa ameketi na Bingham katika kamati ya 1866, aliwaambia majaji, akiitetea kampuni ya reli, kwamba kamati ilikuwa na makampuni akilini ilipochagua neno "mtu." Mimi siamini. Bingham alikuwa na watu akilini.

---

Mwanahistoria Mvivu amejibu:

Kabla mjadala haujafika mbali, nirudi kwenye mgogoro wa Binti Sheria kuhusu mahakama ya kijeshi, kwa sababu umenikumbusha sura ya mwisho ya maisha ya Bingham ambayo hatujaigusa. Nami nakiri kwamba inaiongezea hoja yake nguvu kuliko yangu.

Mwaka huohuo wa 1873 Rais Grant alimteua Bingham kuwa balozi wa Marekani nchini Japani, naye alikaa huko miaka kumi na miwili, hadi 1885. Wajapani walimpenda. Wakati mataifa ya Ulaya yaliikaba Japani kwa mikataba isiyo ya haki, iliyoizuia kujipangia ushuru wake yenyewe, Bingham aliisukuma Washington ikubali mkataba mpya wa mwaka 1878 ambao ungeirudishia Japani mamlaka hayo, ingawa haukuanza kutumika kwa sababu ulitegemea mataifa mengine nayo yakubali. Hapo tunamwona Bingham wa mwaka 1866.

Lakini mikataba ileile iliwapa Wamarekani walioko Japani mahakama zao wenyewe, zilizoendeshwa na makonsuli, bila baraza la wazee. Mwaka 1880 baharia mmoja aitwaye John Ross, raia wa Uingereza aliyekuwa akifanya kazi katika meli ya Kimarekani, alimuua ofisa wa meli hiyo katika bandari ya Yokohama. Konsuli mkuu alimhukumu kifo, akisaidiwa na watu wanne. Kwa mujibu wa sheria, hukumu hiyo haikuweza kutekelezwa bila idhini ya balozi, na balozi alikuwa Bingham. Aliidhinisha. Rais Hayes ndiye aliyeibadilisha kuwa kifungo cha maisha. Ross, akiwa gerezani Albany, New York, alidai kwamba alinyimwa haki ya baraza la wazee inayotajwa katika Hati ya Haki, yaani haki zilezile ambazo Bingham alipigania ziyafunge majimbo yote. Mwaka 1891 Mahakama ya Juu ilimkatalia, ikisema kwamba Katiba haifanyi kazi katika nchi nyingine.

Hukumu hiyo ya Ross ilisimama hadi mwaka 1957, katika kesi iliyoitwa Reid dhidi ya Covert. Ilihusu wake wawili wa wanajeshi wa Kimarekani, mmoja akiwa Uingereza na mwingine Japani, waliowaua waume zao na kuhukumiwa na mahakama za kijeshi ilhali wao wenyewe walikuwa raia. Mahakama ya Juu iliamua kwamba hawakupaswa kuhukumiwa na wanajeshi. Jaji aliyeandika maoni makuu alitumia Milligan kuwa nguzo mojawapo, akaikataa mantiki ya Ross, na jina lake lilikuwa Hugo Black.